Vyumba Viwili vya Mtoni

Nyumbani kwetu neno urithi halina furaha. Ukilisikia kwenye simu, ujue kuna mtu amekufa na kuna mwingine amenuna. Ni hati ya kiwanja isiyoonekana, ni ndugu anayenunua kufuli jipya usiku wa matanga. Kwa hiyo mwaka 2018, Shangazi alipopiga simu kutoka Mbale, Uganda, akasema binti yake amepata safari ya urithi, ya bure, tiketi ya ndege, malazi na chakula juu yao, Babu aliuliza swali moja tu.

"Urithi wa nani?"

Shangazi alicheka. Babu hakuwa anatania.

Safari yenyewe inaitwa Birthright Israel. Ilianza mwaka 1999, ikichangiwa na matajiri wa Kiyahudi wa Amerika ya Kaskazini, mashirika ya Kiyahudi na serikali ya Israel, na mpaka sasa imeshawapeleka vijana zaidi ya laki nane. Ni siku kumi hivi: Yerusalemu, Bahari ya Chumvi, ngome ya Masada, makumbusho ya mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Umri ni miaka 18 hadi 26, ingawa kuna kipindi waliupandisha hadi 32. Jina lenyewe maana yake ni haki ya kuzaliwa, ile ambayo Esau aliiuza kwa sahani ya dengu. Na hapo ndipo swali la Babu lilipokuwa na mashiko kuliko alivyojua mwenyewe: binamu yangu hakuzaliwa Myahudi. Alikuwa na miaka mitatu alipoingizwa, akiwa mikononi mwa mama yake ambaye naye aliingia siku hiyohiyo.

Shangazi ni mtoto wa Mtoni kwa Azizi Ali, Temeke. Kasoma madrasa pale, kacheza mdundiko pale. Miaka ya tisini alikuwa akifanya biashara ya vitenge, anapanda basi hadi Mutukula, anavuka, anarudi na mzigo. Safari moja hakurudi. Alikuwa amempata mwanamume huko Mbale, mkulima wa kahawa, mpole, asiyefanya kazi Jumamosi. Babu aliposikia hilo la Jumamosi akadhani ni Msabato, akasema afadhali hata ya Msabato, kumbe mambo yalikuwa makubwa zaidi.

Watu wa mume wake wanaitwa Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Habari yao inaanzia kwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki akitegemea watamfanya mfalme huko. Hawakumfanya. Akajitenga nao, akakaa na Biblia yake, akaisoma hasa sehemu ile ya kwanza, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Wanasimulia kwamba aliambiwa wanaoshika sheria hizo ni Wayahudi tu, naye akajibu basi sisi ni Wayahudi. Hapakuwa na rabi wala mmisionari aliyewatumia vitabu na blanketi. Walishika Sabato kwa miaka mingi kabla dunia ya Kiyahudi haijajua kama wapo.

Idi Amin akaja kuipiga marufuku dini hiyo. Waliokuwa maelfu wakabaki mamia, wakisali mafichoni. Na hapa ndipo Babu anapoingia kwenye habari yao, bila kujua. Babu alikuwa askari wa JWTZ. Alivuka Kagera mwaka 1979, akaingia Uganda kwa miguu kama wenzake. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Sasa, kwa kalenda ya Kiyahudi, jioni ya tarehe hiyohiyo ndiyo Pasaka ilikuwa inaanza, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajaisahau sadfa hiyo. Mume wa Shangazi alipomweleza Babu, miaka mingi baadaye, Babu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyewafungulia hilo sinagogi lenu, na malipo yangu ndiyo kunichukulia mtoto."

Hiyo ilikuwa baada ya kupatana. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya kimya.

Kiswahili kina kitenzi cha mtu anayeingia Uislamu: anasilimu. Anayeingia Ukristo anabatizwa, au siku hizi anaokoka. Wa kuingia Uyahudi hana kitenzi chake. Ila kitenzi cha kutoka kipo, nacho kilimwangukia Shangazi mzimamzima: ameritadi. Walilisema msikitini kwa sauti ya chini na dukani kwa sauti ya juu. Ndoa yake Babu hakuwa walii. Mtoto alizaliwa mwaka 1999, Babu hakutumiwa picha. Mwaka 2002 wakaja Mbale marabi kutoka Marekani na Israel, wa ule mkondo wa Kiyahudi unaoitwa Conservative, wakakaa kama baraza la watu watatu watatu, wakawahoji watu na kuwazamisha majini, wakawapa vyeti. Watu kama mia nne waliingia rasmi. Wazee waliokuwa wameshika Sabato tangu utoto waliambiwa sasa ndiyo mmekuwa Wayahudi. Wengine walikubali wakiwa na kinyongo, maana ni sawa na kuambiwa ufunge ndoa na mke uliyezaa naye watoto sita. Shangazi hakuwa na kinyongo. Alikuwa mgeni kweli, alitaka kuingia, akaingia na mwanawe.

Mwaka 2006 akazaa mtoto wa kiume. Na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda. Kwa sheria ya Kiyahudi dini hupita kwa mama. Dada, aliyezaliwa kabla ya 2002, ni mwongofu. Mdogo wake, aliyezaliwa baada ya mama kuwa Myahudi, ni Myahudi wa kuzaliwa. Baba mmoja, mama mmoja, chandarua kimoja. Kati yao wawili, mmoja kazaliwa na haki na mwingine kapewa.

Tukirudi kwenye swali: je, mwongofu anastahili safari ile? Masharti yanasema ndiyo. Uwe na mzazi mmoja Myahudi, au uwe umeongoka kupitia mkondo wa Kiyahudi unaotambulika, na uwe hufuati dini nyingine. Kwenye karatasi mambo ni mepesi. Uzito uko kwenye neno unaotambulika. Nani amtambue nani? Abayudaya walitambuliwa na Wakala wa Kiyahudi, taasisi inayoshughulikia uhamiaji wa kwenda Israel, mwaka 2016, karibu miaka mia moja baada ya Kakungulu. Miaka miwili baadaye, Agosti 2018, ndipo kundi la kwanza la Birthright kutoka Uganda likaondoka, vijana 40. Binamu yangu alikuwa mmoja wao.

Alinisimulia mengi ya safari, lakini lililonibakia ni dogo. Jioni moja walikaa na vijana Wayahudi wa kutoka nje, wanajuana. Kijana mmoja akasema yeye baba yake ni Myahudi, mama si Myahudi, nyumbani hawashiki chochote, Desemba wanapamba mti wa Krismasi. Hakuna aliyemuuliza lolote. Zamu ilipofika kwa binamu, akasema jina lake na anakotoka, na swali la kwanza likawa: uliongoka au ulizaliwa? Hawakuuliza kwa ubaya, anasema. Waliuliza kama unavyomuuliza mtu mweusi Ulaya kwamba kwa hasa umetoka wapi. Yeye ambaye hajawahi kuonja mkate wakati wa Pasaka, anayejua sala za Ijumaa jioni kwa Kiebrania na kwa Kiganda, alikuwa na cheti kwenye begi kimefungwa kwa nailoni. Yule wa mti wa Krismasi alikuja na jina la baba yake tu.

"Ulijibu nini?" nikamuuliza.

"Nilisema vyote viwili. Wakaona natania."

Ni kweli ana utani, binamu yangu, na kwetu binamu ni mtani wa halali. Akija Dar namtesa kwa chakula. Jioni ya Temeke ina pweza, ina wauzaji na masufuria yao ya supu kila kona, na yeye pweza hali, kamba hali, ngisi hali. Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Kwa hiyo ni changu na dagaa, changu na dagaa, mpaka siku ya kuondoka. Nyama ya buchani kwetu pia hali. Bibi jirani yetu alimwambia, mwanangu hii ni halali, kachinja shehe. Akamjibu kwa heshima zote, "Shikamoo bibi, naomba tu mayai."

Turudi 2018, maana mwaka huo una upande wa pili. Mwaka huohuo ambao vijana 40 walipelekwa kuonyeshwa urithi wao, kijana mwingine wa Kiabayudaya, aliyekuwa tayari Israel kwenye kibbutz, aliomba kuhamia chini ya ile Sheria ya Kurudi inayompa kila Myahudi haki ya uraia. Wizara ya Mambo ya Ndani ikamkatalia. Na Desemba 2017, kijana wa Kiyahudi kutoka Kenya, aliyeongokea kwa Abayudaya hao hao, alifika uwanja wa ndege wa Ben Gurion akiwa na viza mkononi, anakwenda kusoma dini Yerusalemu, akazuiwa na kurudishwa. Sheria hiyohiyo, tangu ilivyorekebishwa mwaka 1970, inampokea hata mjukuu wa Myahudi ambaye yeye mwenyewe si Myahudi.

Mimi naona hapo hakuna fumbo. Safari ni ya mfadhili. Mfadhili anataka vijana wengi, wapende, warudi makwao. Uraia ni wa dola. Dola inahesabu vichwa, inaangalia nani analeta nani nyuma yake. Kwa siku kumi mwongofu wa Mbale ni mrithi. Siku ya kumi na moja anakuwa Mwafrika anayeomba viza. Nilimwambia binamu hivyo, kwa maneno hayohayo. Hakukasirika. Alisema mimi nafikiri kama mtu ambaye hajawahi kualikwa mahali.

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelitafakari kuliko safari yenyewe. Zamani, hekalu likiwapo, mkulima alipeleka kikapu cha malimbuko ya shamba na kutamka maneno ya kushukuru kwa nchi ambayo Mungu aliwaapia baba zetu. Swali likazuka: mwongofu je? Baba zake hawakuapiwa kitu. Katika Mishna, mkusanyiko wa sheria wa karne za mwanzo, jibu ni kwamba alete kikapu, lakini yale maneno asiyatamke. Na akisali peke yake aseme Mungu wa baba wa Israeli. Akiwa sinagogi, Mungu wa baba zenu. Alete mali, anyamaze. Miaka mingi baadaye, karne ya 12 huko Misri, mwongofu mmoja aitwaye Obadia akamwandikia Musa bin Maimuni, tabibu na mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi, akimuuliza aseme vipi. Akajibiwa kwamba aseme baba zetu, bila kubadili neno, kwa sababu Ibrahimu ni baba wa kila anayeifuata njia yake.

"Wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Nasema baba zetu. Lakini nikifika hapo huwa namwona Babu amevaa kanzu."

Babu alifariki mwaka 2022. Shangazi na watoto walikuja kwa basi, wakafika baada ya mazishi, maana sisi hatuchelewi kuzika. Arobaini ilipopita ndipo lile neno letu lisilo na furaha likaletwa sebuleni. Babu aliacha nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita pale Mtoni, vinne vina wapangaji, na kibanda cha duka mbele. Shehe aliyekuja kutupigia hesabu alikuwa mtu mstaarabu, hakuinua sauti hata mara moja. Alieleza kwamba tofauti ya dini ni kizuizi cha mirathi. Asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Akawataja watoto wa Babu kwa majina na mafungu yao, na jina la Shangazi akaliruka, akitazama karatasi.

Baba mkubwa ndiye aliyesema kile ambacho wengine walikuwa wanakifikiri: "Huyu ameshapewa Israel nzima. Hapa anataka nini?"

Watu walicheka. Nami nilikaribia kucheka, maana ilikuwa imepangika vizuri. Shangazi alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, hakucheka wala hakulia. Alikuwa na njia gani? Kule, mwanawe anaulizwa kama alizaliwa. Hapa yeye kazaliwa, kila mtu sebuleni anajua kazaliwa chumba kipi, na kuzaliwa kwake hakumsaidii.

Sasa, Babu alikuwa mwanajeshi, na wanajeshi wa zamani huandika vitu. Alikuwa ameacha wasia kwa mkono wake, na mashahidi wawili, mmoja imamu mstaafu. Sheria ya Kiislamu inamruhusu mtu kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa asiye mrithi, na asiye mrithi anaweza kuwa mtu wa dini yoyote. Theluthi ya vyumba sita ni viwili. Babu aliviandika: vyumba viwili vya uani, upande wa mwembe, kwa binti yangu aliyeko Mbale. Hakuandika mrithi. Shehe alisoma mara mbili, akasema ni sahihi, na akaongeza kwamba kumbe mzee alikuwa msomi. Faili lilikwenda kwenye kile kituo jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, likachukua muda wake, likapita.

Kwa hiyo Shangazi hakurithi. Alipata, kwa mlango wa pembeni, kwa sababu mtu mmoja alitaka apate na akajua mahali sheria ilipoacha upenyo. Nikikaa na jambo hili naona Musa bin Maimuni na Babu walifanya kazi moja. Hakuna hata mmoja aliyefuta sheria.

Lipo swali jingine, na vijana wa kijiweni kwetu hawalisahau. Nilipoisimulia safari ya binamu pale, rafiki yangu mmoja alisema: Mpalestina ambaye babu yake alifukuzwa Haifa mwaka 1948, ufunguo wa nyumba bado upo ukutani, yeye safari yake ya urithi anamwomba nani? Nimejaribu kutafuta jibu la kumtetea binamu na sijalipata, na sasa nimeacha kulitafuta. Ni kweli kwamba haki ile ya kuzaliwa inatolewa mahali ambapo wengine waliozaliwa hapo wamenyimwa ya kwao, na cheti cha Mbale hakilibadilishi hilo. Nilimfikishia maneno hayo. Aliniambia alipita kwenye vijiji ambavyo mwongozaji hakuvitaja majina, akaviona, na kwamba mtoto wa watu waliosali mafichoni hahitaji kuambiwa mara mbili maana ya mahali pasipotajwa. Kisha akasema Ijumaa inaingia, akakata simu kwenda kuwasha mishumaa.

Baada ya 7 Oktoba 2023 mambo yakawa mazito zaidi kuzungumzwa. Siku hiyo waliuawa pia vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo. Vita ya Gaza ikafuata, na misikitini kwetu dua ikawa ni hiyo kila Ijumaa. Shangazi akaacha kuweka picha za Sabato kwenye status. Hakuna aliyemwambia aache.

Mdogo wake binamu, yule wa kuzaliwa, sasa ametimiza umri. Anataka kwenda, mama yake hataki, dada yake anasema aende akajionee, baba yao yuko shambani na kahawa yake na anasema maamuzi ni ya mtoto. Juzi alinipigia kufanya mazoezi ya usaili, maana waombaji huhojiwa, na mimi nilijifanya mtu wa Birthright.

"Wewe ni Myahudi kwa njia gani?"

"Kwa mama."

"Mama ni Myahudi kwa njia gani?"

"Ana cheti cha 2002."

"Babu yako mzaa mama ni nani?"

Akasita. Nikasikia mbuzi upande wake wa simu. Akaniuliza kama lazima aseme. Nikamwambia sijui, mimi si mtu wa Birthright, mimi ndiye ninayekusanya kodi ya vyumba viwili na kumtumia mama yako kila mwisho wa mwezi, na mpangaji mmoja ana deni la miezi mitatu.